Uhasibu ukilala, mauzo yasilale

Ndugu, kama nimekuelewa, programu yenu ya mauzo inaita ya uhasibu moja kwa moja, na uhasibu ukizima, keshia anakwama mteja akiwa mbele yake. Weka katikati RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuupanga foleni. Ni programu huria, ipo tangu 2007, na leseni yake hailipiwi. Mauzo yataacha ujumbe kwenye foleni na kuendelea na kazi. Uhasibu ukirudi utauchukua.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoumia. Foleni iwe ya kudumu, na kila ujumbe nao uwekewe alama ya kuhifadhiwa kwenye diski. Ukifanya moja ukasahau jingine, umeme ukikatika mauzo yaliyokuwa yakisubiri yamekwenda na maji. Tena uhasibu usithibitishe kupokea kabla risiti haijaingia kwenye hifadhidata. Ujumbe usiothibitishwa hurudi foleni, kwa hiyo risiti ileile inaweza kuja mara mbili: ipe kila risiti namba yake, na uhasibu uangalie kama namba hiyo imeshaingia.

Ujumbe mbovu, ambao uhasibu unashindwa kuushughulikia, upelekwe foleni ya pembeni, la sivyo ujumbe huo utarudi foleni na kuchukuliwa tena usiku kucha.

Na Kafka uliyoshauriwa, ile programu nyingine ya kupitisha ujumbe? Nzuri, ilianzia LinkedIn, ila kwa maduka yenu manne naona ni kukodi lori la kubeba kilo ya sukari. Anza na mauzo na uhasibu tu. Stoo ifuate baadaye. Na yule mtumiaji "guest" anayekuja na RabbitMQ, mfute kabla hujaiweka kazini.