Bafu lijazwe maji kabla ya vigae

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu anayeishi nje ya Nairobi anunue fleti kuukuu ya kupangisha jijini humo na kuikarabati akiwa huko huko. Jibu langu ni asinunue. Hati wala haisumbui sana: wakili atafanya upekuzi Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, utalipa ushuru wa stempu asilimia 4, basi. Pesa huliwa bafuni.

Kuna fleti moja Donholm, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya tatu, mwenyewe yuko Kisumu. Fundi alimtumia picha kila jioni: vigae vyeupe, bomba linalong'aa, sinki mpya. Hakuna picha iliyoonyesha kwamba vigae vilibandikwa juu ya sakafu ile ile ya zamani. Wiki ya 6 baada ya mpangaji kuingia, dari ya jirani wa chini ikatoka doa la kahawia, likatambaa hadi kwenye taa. Maji yalipenya kwenye viungo vya vigae na kandokando ya tundu la kutolea maji, yakalala kwenye saruji kuukuu mpaka yakapata ufa wa slabu, lile zege la sakafu. Vigae vyote vikang'olewa. Na KRA, mamlaka ya kodi, huchukua asilimia 7.5 ya pango lote bila kutoa gharama za ukarabati, kwa hiyo bafu likirudiwa hasara ni yako mzima mzima.

Kazi yenyewe inajulikana. Bomoa hadi slabu. Tundu lifungwe upya, pembeni pajazwe saruji isiyosinyaa. Dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili, mkono wa pili ukipakwa kwa kukingama na wa kwanza, ipande ukutani sentimita 30, na penye shawa mita 1.8. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 5, piga mstari wa penseli usawa wa maji, acha saa 24. Panga iwe siku ambayo mgao wa maji unafika mtaani, la sivyo fundi atasema tangi limekauka na ataendelea kubandika. Baadaye ndipo sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita, halafu vigae. Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta karibu ampia 23. Ivutiwe waya wake kutoka kwenye bodi, milimita 4 za mraba au zaidi, pamoja na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini.

Sasa nikitazama orodha hii, mstari wa penseli unaonekana kwenye video hata ukiwa Kisumu. Lipa awamu ya pili ukishaona maji bado yako kwenye mstari huo asubuhi ya pili, na dari ya chini ikiwa kavu. Wenye nyumba wanaoishi mtaa huo huo nao huvujiwa, maana hufika jioni vigae vikiwa vimeshakaa. Basi jibu langu nalibadili: anunue, ila kwanza aulize bomba la maji taka limepita wapi. Kama liko ndani ya dari ya jirani na jirani hafungui mlango, aiache hiyo fleti, hata kama yeye mwenyewe anakaa Donholm.