Kabla hujasema "huu ni urasimu"

Mimi nasindika siagi ya karanga, kazi ambayo imenikalisha sana kwenye mabenchi ya ofisi za umma. Neno linalosikika mno pale ni urasimu. Wengine husema ukiritimba wakimaanisha hilohilo, ingawa ukiritimba hasa ni mtu au taasisi moja kuhodhi biashara. Ushauri wangu kwa anayeanza: usiite kila kinachokuchelewesha urasimu, maana dawa zake ni tofauti.

Kupima karanga kama zina sumukuvu si urasimu. Sumu hiyo huwezi kuiona kwa macho, na anayeumia ini ni mlaji. Kipimo hicho nakilipia kwa moyo mweupe. Urasimu ni pale taasisi mbili zinapokagua kitu kilekile, kila moja na fomu yake na ada yake. Hadi 2019 sisi wa vyakula hapa Tanzania tulikuwa na TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, huku na TBS, Shirika la Viwango, kule. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikahamishia chakula TBS, TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Chakula bado kinakaguliwa, ila tunabisha hodi mlango mmoja.

Afisa akikudokeza kwamba faili lako "linahitaji kusukumwa", hiyo ni rushwa. Piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure.

Sasa urasimu wenyewe. Taasisi nyingi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaotaja kila huduma ichukue siku ngapi. Uombe, usome. Kuna ofisi ilinizungusha, kila nikifika mhusika yuko safari. Niliandika barua, nikataja siku walizojiwekea wenyewe, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hapo ndipo nikapigiwa simu. Kugomba dirishani hakujawahi kunifikisha popote, na kijana wa mapokezi hana mamlaka ya kubadili kanuni.

Ukidaiwa karatasi usiyoielewa, uliza kwa adabu inatakiwa na kanuni ipi. Wasipokujibu, iombe kanuni hiyo kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Andika tarehe, na namba yako ya simu iwe juu kabisa ya barua.