Kabla hujailaumu valvu ya joto, waulize kwanza majirani zake

Nimekaa kwenye mabomba ya stimu, yani mvuke wa boila, miaka kumi na kitu sasa, nilianza kama kibarua wa kubebea watu spana, baadae nikaenda chuo cha ufundi, VETA, nikasomea, nikarudi kazini nikakuta vitu vingi nilivyofundishwa ni sahihi ila kuna vingine havimo kwenye daftari lolote. Hii ya leo ni kuhusu valvu zinazoongoza joto viwandani, yani ile valvu inayofungua na kufunga stimu yenyewe kulingana na sensa inavyosema. Watu wananiuliza sana kwenye simu: "fundi valvu yetu imekufa, tununue ipi?" Na mimi jibu langu siku zote linawaudhi, kwasababu nawaambia msinunue kwanza.

Sababu ya kuwa hivi ni kisa hiki. Nilikuwa kiwanda kimoja cha maziwa, jina tuliache, pastaraiza yetu, ule mtambo wa kupasha maziwa kuua vijidudu, ikaanza visa. Maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 yakae hapo sekunde 15 ndo yaendelee mbele, yakipungua kuna valvu nyingine inayageuza yarudi kwenye tangi la mwanzo yakapashwe upya. Sasa yetu yalikuwa yanarudi, yanarudi, yanarudi. Joto linapanda mpaka 78, linashuka 69, linapanda tena, opereta kakaa kwenye kile kiti kama mtu anayeangalia penalti. Tukafanya kikao na hukumu ikatoka dakika tano tu: valvu ya stimu imekwisha. Mpya ikaagizwa nje, tukaisubiri wiki saba, nikaifunga mwenyewe Jumamosi usiku mpaka alfajiri, Jumatatu tukawasha. 78. 69. 78. Meneja hakunifokea, aliniangalia tu akaondoka, na bora angefoka.

Akaitwa mzee mmoja fundi mstaafu. Alikuja na tochi na kitambaa, valvu hakuigusa kabisa, akaenda moja kwa moja kwenye sensa, akaichomoa kwenye ule mfuko wake wa chuma unaozama ndani ya bomba, akachungulia, akaniita. "Mwanangu, hiki kipimajoto chako kinapunga upepo." Kumbe sensa ilikuwa fupi kuliko mfuko, ncha haigusi chini, kuna nafasi ya kama vidole viwili ina hewa tupu, na ile pesti ya kupitisha joto haijawahi kuwekwa. Kwahiyo maziwa yakipata moto sensa inajua baadae, ikishajua stimu imeshapita kiasi, valvu inafunga, maziwa yanapoa, sensa tena inachelewa kujua. Valvu ilikuwa inatii amri vizuri tu, tatizo amri zenyewe zilikuwa za jana. Tukaweka sensa yenye urefu sawa na mfuko, tukajaza pesti, joto likakaa kwenye 73 likatulia. Ile pesti bei yake haifiki chakula cha mchana cha watu wawili.

Ndo maana nasema anza na majirani, yani vitu vilivyoizunguka valvu. Na sensa ndo jirani wa kwanza. Kama ni hizi za PT100, zinazopima joto kwa ukinzani wa umeme, ni rahisi kuipima hata huna mashine ya kalibresheni: iunge kwenye multimita, itumbukize sensa kwenye barafu inayoyeyuka isome omu 100, kwenye maji yanayochemka isome 138.5. Lakini hapa kuna mtego, nimeuona Arusha kwa macho yangu: kijana kaitupa sensa nzima kabisa kwasababu ilisoma nyuzi 95 kwenye maji yanayochemka. Bana, Arusha maji yanachemka kwenye 95 na ushee! Ukipanda juu kutoka usawa wa bahari maji yanachemka mapema, kama nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Kipimo cha nyuzi 100 ni cha Dar na Tanga, ukiwa Mbeya au Nairobi tegemea 94 na kitu. Angalia pia sensa imekaa wapi, isiwe kwenye kona ambayo maji hayapiti, na ncha yake iwe katikati ya mkondo, isijifiche pembeni kwenye ukuta wa bomba.

Jirani wa pili ni uchafu. Bomba jipya limejaa vitu: makapi ya kulehemu, kutu, mchanga, ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba iliyokatika. Ukifunga valvu alafu ukafungulia stimu, vyote hivyo vinaenda kukaa kwenye kiti cha valvu, pale kizibo kinapokaa ikifunga, na siku hiyohiyo inaanza kuvujisha ndani kwa ndani. Mimi siku hizi nachomelea kipande cha bomba chenye flenji, zile sahani za kufungia bolti, urefu sawasawa na valvu, nakiweka pale, tunapuliza laini mpaka kinachotoka ni cheupe, ndo natoa kile kipande naweka valvu. Wateja wananiona nachelewesha kazi. Alafu streina, yani chujio, lazima iwepo kabla ya valvu, na kwenye stimu ilaze ubavu, ule mfuko wake usitazame chini. Ukitazama chini unajaa maji, na maji hayo yakiondoka kwa kasi ya stimu yanaigonga valvu kama nyundo. Kwenye laini za maji ya kawaida elekeza chini hamna shida. Ifungue streina wiki ya kwanza baada ya kuwasha, usisubiri ratiba, utashangaa utakachokuta. Mimi niliwahi kukuta nusu fimbo ya kulehemu.

Jirani wa tatu ndo mkorofi kuliko wote na huyu ntamuongelea kwa kirefu kwasababu hapa ndo hela za viwanda zinapopotea: maji ndani ya stimu. Stimu ikipoa inarudi kuwa maji, haina ujanja. Kabla ya valvu weka sehemu ya kukusanyia maji chini ya bomba pamoja na trapu yake, kile kifaa kinachotoa maji na kuzuia stimu, na kama unapunguza ukubwa wa bomba kuingia kwenye valvu tumia ile redusa ya upande mmoja, ubapa uwe chini, ukitumia ya kawaida yenye mabega pande zote maji yanatuama pale. Stimu yenye maji ikipita kwenye uwazi mdogo wa valvu iliyokaribia kufunga inakata chuma, kweli kabisa, utakuta kwenye kiti mistari myembamba kama imechorwa na waya. Hapo hamna kusaga wala kupaka chochote, ni kubadilisha kiti na kizibo chake.

Na maji ya upande wa pili, baada ya heta, yani kile chombo stimu inapopashia. Hii imenisumbua miaka kabla sijaielewa. Mzigo ukiwa mdogo, tuseme usiku kiwanda kinazalisha nusu, valvu inajifunga kidogo, presha ndani ya heta inashuka, inaweza ikashuka mpaka inaanza kunyonya badala ya kusukuma. Sasa kama bomba la kurudisha maji boila limepandishwa juu mita 4, unahitaji kama bar 0.4 kuyasukuma hayo maji juu, na hiyo presha haipo. Maji yanabaki ndani ya heta yanajaa, joto linashuka, sensa inalia, valvu inafunguka yote kwa mpigo, stimu inakutana na maji, unasikia GO GO GO mpaka mlinzi getini anatoka. Kesho asubuhi utasikia "valvu inacheza." Haichezi! Dawa ni trapu ya kuelea iwe chini ya heta, maji yashuke yenyewe mpaka kwenye tangi alafu pampu ndo iyapandishe, na uweke kile kivalvu kidogo cha kuingiza hewa heta inapoanza kunyonya. Ukisikia mtu anasema joto linasumbua usiku tu au siku ya kuwasha tu, kaangalie maji kwanza.

Ukubwa wa valvu nao. Bomba la inchi 2 haimaanishi valvu ya inchi 2. Valvu ya kuongoza inapigiwa hesabu kwa kiasi cha stimu kinachohitajika na presha iliyopo kabla na baada, na mara nyingi inatoka ndogo kuliko bomba, saizi moja au mbili chini. Kuna kiwanda cha sabuni nilifunga ya inchi 1 kwenye bomba la inchi 2, mafundi wa pale wakanicheka wakasema nimeishiwa hela za mteja. Iliyokuwepo ilikuwa kubwa, inafanya kazi ikiwa imefunguka kidogo sana muda wote, mguso mdogo tu joto linaruka, na kiti kilishakatwakatwa na stimu. Ukiona valvu inaishi chini ya asilimia kumi ya ufunguzi wake, hiyo ni kubwa mno.

Valvu za hewa, yani za kuendeshwa na kompresa, ugonjwa wao mkubwa huku pwani ni unyevu. Hewa ya Tanga na Dar imejaa maji, kompresa inayakusanya, yanaenda mpaka kwenye pozishena, kile kifaa kinachoipimia valvu hewa, kale katundu kadogo ndani kanaziba, valvu inanatanata. Fungua maji ya filta kila shifti, na kama opereta hana muda weka ya kujimwaga yenyewe. Ukimaliza kufunga, kabla hujakabidhi, zima hewa ukiwa umesimama pale uone valvu inaenda wapi. Kwenye kupasha kwa stimu inatakiwa springi iifunge. Kuna niliyoikuta inafunguka yote hewa ikikata, imekaa hivyo miaka na hakuna aliyejua kwasababu hewa ilikuwa haijawahi kukata mchana.

Zile zisizotumia umeme wala hewa, zenye kibofu cha sensa na kawaya kembamba kenye tundu kanakopeleka kimiminika mpaka kwenye valvu, mimi nazipenda kuliko zote, zinafanya kazi hata umeme ukikatika. Ila hako kawaya usikakunje kona kali, usikakate, usikafunge juu ya bomba la moto, urefu uliozidi kaviringishe duara kubwa ukafunge pembeni. Kakitoboka kimiminika kinatoka na valvu za aina nyingi za kupashia zinabaki WAZI. Hilo lilinikuta kwenye tangi la soda kali, sio ya kunywa, ya kuoshea mitambo, mtu wa usafi aliegemeza ngazi juu ya kale kawaya usiku, tukakuta tangi linachemka linarusha soda ukutani. Hakuumia mtu, ilikuwa saa nane usiku. Toka siku ile sifungi valvu ya aina hii bila kifaa cha pili, chenye sensa yake peke yake, cha kukata stimu joto likizidi.

Kwenye kukaza glandi, ile nati inayobana paking kwenye shina, mafundi wengi mnakaza kwa hasira. Ikivuja kaza robo mzunguko, subiri, angalia. Ukibana sana shina linanata, valvu inangoja presha ya hewa iwe kubwa ndo iruke, na joto linaanza kuyumba upya, wewe unaenda kuchezea namba za kontrola, kile kifaa kinachoisikiliza sensa na kuiamuru valvu, na kuharibu hata kilichokuwa sawa. Kwanza fanya hivi: weka kontrola kwenye manyuo, yani uiamuru valvu mwenyewe kwa mkono, peleka valvu asilimia 25, 50, 75, huku mwenzako anaangalia shina. Likitembea laini, valvu ni nzima, ondoka hapo nenda kwa majirani.

Na usalama, hili silizungushi. Stimu ya bar 7 ina nyuzi 170, haionekani pale inapotokea, kile cheupe unachokiona ni imeshapoa. Funga valvu ya kabla na ya baada, piga kufuli ufunguo ukae mfukoni kwako na sio kwa sapavaiza, fungua tundu la kutolea presha, alafu subiri. Geji kusoma sifuri sio ushahidi, geji nyingi viwandani kwetu zilikufa zamani zinasoma sifuri hata boila ikiwa inanguruma. Bolti za flenji legeza kwanza zile za upande wa mbali na wewe. Kovu langu la mkono wa kushoto limetoka kwenye bolti ya upande wa karibu. Na baipasi, lile bomba la kuizunguka valvu, iliyoachwa wazi kidogo "ili kusaidia" ifungwe, huwa naikuta kila mahali, unahangaika siku nzima na valvu kumbe stimu inapita mlango wa nyuma.

Ile valvu ya zamani ya maziwa tuliyoivua tukaitupa stoo, mwaka juzi niliitwa tena pale kwa kazi nyingine nikaikuta kwenye tangi la maji ya moto ya kuoshea kreti. Nikawauliza imewekwa kiti kipya lini. Wakasema haijawahi kufunguliwa.