Kuzima GPS Hakutoshi: Mahali Ulipo Panavyovuja na Namna ya Kuziba

Wengi wakihofia kufuatiliwa huzima GPS, wakaona wamemaliza kazi. GPS yenyewe haimwambii mtu chochote. Ni kipokezi tu: inasikiliza setilaiti na kupiga hesabu ya mahali ulipo. Wanaotoa siri ni programu ulizopakua, na laini yako inayoongea na mnara. Kampuni za matangazo huvuna kwenye programu. Vyombo vya dola huomba rekodi za minara, na vingine vimegundua kwamba za programu zinanunulika bila hati ya mahakama.

Anza na programu, maana huko dakika kumi tu zinaleta tofauti kubwa. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Mahali, kisha ruhusa za programu. Zinazoruhusiwa wakati wote, ukiacha ile ya kutafuta simu iliyopotea, zisiwepo kabisa. Ramani na za kuitia teksi au bodaboda ziruhusiwe zinapotumika tu. Tochi, kikokotoo, michezo na za mikopo, kataa. Ikigoma kufunguka bila ruhusa hiyo, ifute. Kuanzia Android 12 kuna pia swichi ya mahali mahususi. Ukiizima, programu hupewa eneo la kukadiria la kilomita 3 hivi za mraba. Utabiri wa mvua hauhitaji zaidi ya hapo.

Usidhani programu ya heri ina mikono safi. Novemba 2020 ilifichuka kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala iliyopakuliwa na mamilioni, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya habari hizo wenye programu walitangaza kuvunja uhusiano huo. Dawa yake ni rahisi: programu nyingi za swala hukuruhusu kuchagua mji kwa mkono. Chagua Mombasa au Unguja, zima ruhusa ya mahali, adhana itaingia kwa wakati wake vilevile.

Bado uko kwenye Mipangilio? Ndani ya Mahali tafuta huduma za kuchanganua Wi-Fi na Bluetooth, uzime zote mbili. Zikiwashwa, simu huendelea kunusa ruta (vifaa vya kurushia Wi-Fi) za jirani hata ukiwa umezima Wi-Fi, na namba za utambulisho za ruta hizo zinatosha kutaja mtaa uliopo. Kisha nenda sehemu ya matangazo (kwa simu nyingi iko chini ya Google au Faragha) ufute kitambulisho cha matangazo. Namba hiyo ndiyo inayowawezesha madalali wa data kuunganisha nyendo zako kutoka programu tofauti zikawa za mtu mmoja.

Picha nazo husema. Kamera ikiwa imeruhusiwa, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili. WhatsApp huondoa maandishi hayo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati ili isipungue ubora, yanakwenda yalivyo. Barua pepe pia haiondoi kitu. Zima alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Tukija kwenye mnara, hapo hakuna swichi. Mtandao lazima ujue uko wapi ili simu iite. Mnara wa kawaida hugawanywa pande tatu, hivyo kampuni inajua uko upande gani, na muda wa mawimbi kwenda na kurudi huionyesha pia umbali wako kwa hatua: kwa 2G kila hatua ni kama mita 550, kwa 4G ni kama mita 78. Data hizi hurundikana. Katika kesi ya Carpenter iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018, polisi walikuwa wamepata pointi 12,898 za mtu mmoja kwa siku 127, yaani zaidi ya mia kwa siku.

Kubadili laini hakusaidii. Bonyeza *#06# uone IMEI; namba hiyo ni ya simu, na mnara huisoma laini yoyote utakayochomeka. Tena laini zetu zimesajiliwa, Tanzania hata kwa alama za vidole. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine kwanza, nayo huficha anwani ya intaneti kwa tovuti unazotembelea, basi. Mnara haudanganyiki kwa VPN, wala programu yenye ruhusa ya GPS. Na Tanzania, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imetaka watumiaji wa VPN wazisajili.

Hali ya ndegeni hukata mnara, ila hakikisha Wi-Fi haikubaki imewashwa. Programu yenye ruhusa inaweza kurekodi njia nzima kwa GPS na kuituma ukirudi hewani. Kufunga simu kwa karatasi ya foili ili kuzuia mawimbi sikuamini: upenyo mdogo unapitisha mawimbi, na simu hula chaji ikihangaika kutafuta mtandao. Ukitaka kujaribu, funga simu kisha uipigie.

Kwa safari ambayo kweli hutaki ijulikane, acha simu nyumbani ikiwa imewashwa. Kuizima karibu na unakokwenda ni kosa la kawaida, kwani mnara wa mwisho huandikwa pamoja na saa. Saa janja yenye laini yake nayo ibaki. Na mkifuatana wawili, mwenzako aache yake pia.