Manati ya mezani kwa mradi wa fizikia: shughulikia kizuizi kabla ya mpira

Mwanafunzi akiniletea manati yake ya mbao nimsaidie kuiboresha, yaani mkono wa mbao unaovutwa na mpira wa kunyumbuka na kurusha gololi iliyo kwenye kikombe cha nchani, swali huwa lilelile: niongeze mpira mwingine gololi iende mbali zaidi? Humwambia kwanza arushe mara kadhaa bila kugusa chochote, halafu tuangalie zimeangukia wapi. Moja iko hapa, nyingine hatua mbili mbele, ya tatu imekwenda zake pembeni. Mtambo wa hivyo ukiuongezea nguvu utatawanya vilevile, ila eneo litakuwa kubwa zaidi. Na anayesahihisha mradi wa fizikia kwa kawaida hashangazwi na umbali. Anataka kuona umepima kitu, na kwamba ukipima tena utapata jibu linalokaribiana na la mwanzo.

Kutawanyika huko mara nyingi kunaanzia kwenye mhimili. Tundu likiwa pana kuliko msumari, mkono unayumba kushoto na kulia kila unapoinuka. Toboa tundu linalobana kiasi, weka washa (vile visahani vyembamba vyenye tundu katikati) pande zote mbili, na mkono ucheze mbele na nyuma tu. Halafu msingi: mkono unapogonga kizuizi, mtambo mwepesi huruka kidogo na kuhama mahali pake. Ubane mezani kwa klampu au uweke tofali juu yake. Vijiti vya aiskrimu na gundi vinatosha kwa mchezo wa darasani, lakini ukitaka vipimo, tafuta mbao.

Sasa kizuizi chenyewe, yaani kile kipande kinachousimamisha mkono. Hiki ndicho kinachoamua gololi itoke kwa pembe gani, kwa sababu mkono ukisimama ghafla gololi huendelea na mwelekeo iliokuwa nao wakati huo, ambao uko nyuzi 90 na mkono. Mkono ukisimama wima, gololi inatoka mlalo. Ukisimama ungali umeinama nyuma kwa nyuzi 45, gololi inapanda kwa nyuzi 45.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia kutengeneza kizuizi cha kusogeza, chenye matundu mengi, ili wapime pembe mbalimbali. Kinapendeza macho, ila kinaharibu jaribio. Ukisogeza kizuizi, unabadilisha pia umbali ambao mpira unausukuma mkono, kwa hiyo kasi nayo inabadilika. Vitu viwili vimebadilika kwa pamoja na hutajua kipi kimesababisha nini. Mimi hupendekeza kizuizi kimoja kisichosogea, kinachosimamisha mkono wima. Msingi mzima uufunge kwa bawaba kwenye ubao wa chini, ukitaka nyuzi 30 unainua upande wa mbele na kuutegemeza kwa kabari. Pembe isome kwa protrekta yenye uzi na kizito kidogo, kama timazi ya fundi.

Faida nyingine ya mpango huu ni kwamba kasi unaipata bila kamera wala saa. Laza msingi, rusha mlalo, pima kimo kutoka mahali gololi inapoacha kikombe hadi sakafuni. Kikiwa sentimita 80, gololi itachukua takriban sekunde 0.4 kuanguka, iwe imekwenda mbali au karibu. Ikiangukia mita 2 mbele, gawanya: mita 5 kwa sekunde. Sehemu inayoangukia tandaza karatasi nyeupe na juu yake karatasi ya kaboni, upate alama ya mguso wa kwanza. Usipime mahali ilipoishia kubingirika. Na usifute mrusho eti umeharibika kwa sababu tu haukupendezi. Andika yote, kisha chukua wastani.

Mpira una tabia zake. Ukiuacha umevutwa usiku kucha, asubuhi utakuwa umelegea, na mpira mpya hubadilika kidogo katika mivuto ya mwanzo. Uvute mara kadhaa kabla ya kuanza kuandika vipimo, na uweke alama kwenye fremu ili mkono urudishwe palepale kila mara. Miwani ya kinga ivaliwe na anayerusha na wanaotazama, na mkono uliovutwa usiachwe hivyo hata kwa dakika moja.

Ukipata mizani ya springi, pima nguvu ya kuurudisha mkono kila sentimita moja, uchore grafu. Eneo lililo chini ya mstari ndiyo nishati uliyoweka. Gololi ya gramu 5 ikitoka kwa mita 5 kwa sekunde ina nishati mwendo ya jouli 0.06 hivi, na utaona ni sehemu tu ya ile uliyoweka. Nyingine imekwenda kuuinua mkono wenyewe, kuutikisa msingi, kupasha mpira joto na kutoa ule mlio wa “ta!”. Aya moja juu ya hasara hizo ina uzito kuliko picha kumi za mtambo.

Halafu pembe. Galileo alikwishaonyesha mwaka 1638 kwamba nyuzi 45 ndizo zinazofikisha mbali zaidi, lakini hiyo ni kama kitu kinaangukia kimo kilekile kilikotokea, bila kuhesabu upinzani wa hewa. Ukirusha kutoka mezani hadi sakafuni, pembe bora itakuwa chini ya 45, na wanafunzi huanza kuushuku mtambo wao. Weka boksi linalolingana na kimo cha kikombe na gololi iangukie juu yake. Kwa kasi ileile ya mita 5 kwa sekunde, hesabu inasema mita 2.55 kwa nyuzi 45, na mita 2.2 kwa nyuzi 30 na 60 zote mbili. Andika namba hizo kwenye daftari kabla hujarusha. Kimo cha kikombe hubadilika kidogo unapoinua msingi, kwa hiyo boksi lirekebishwe kila unapobadilisha kabari.