Kwenye skrini makombora yanapasuka na ngoma, angani yanachelewa

SWALI: Shikamoo fundi. Naandaa onyesho la fataki la mkesha wa Mwaka Mpya kwa hoteli moja Kiwengwa, Unguja. Tutarusha kutoka kwenye tishari baharini. Nimelipanga kwa Finale 3D, programu ya kompyuta ya kupangia fataki, na kwenye skrini kila kitu kinapiga na ngoma. Tulipojaribu vichache usiku, makombora ya inchi tatu yalichelewa karibu sekunde tatu, ya inchi sita yakachelewa zaidi, ila keki (maboksi ya mirija mingi inayofuatana) na kometi (nyota zenye mkia, zinazowaka tangu zikitoka bombani) zilikwenda sawa. Jamaa anayetuuzia mzigo ananiambia nicheleweshe muziki sekunde tatu na mambo yataisha. Ni kweli? Kwa upande wa usalama nadhani tuko vizuri, maana programu haionyeshi kosa lolote.

JIBU: Marahaba. Muziki usiuguse.

Kuchelewa kuna sura zake. Kila kitu kikichelewa kwa kiasi kilekile, kikubwa kwa kidogo, tangu mwanzo hadi mwisho, basi muziki na mtambo wa kufyatulia havikuanza pamoja. Vikianza pamoja halafu vikaachana taratibu, tazama taimukodi, yaani saa ya pamoja inayofuatwa na muziki na mtambo: upande mmoja unahesabu fremu 30 kwa sekunde, mwingine 29.97. Tofauti hiyo ni sekunde 3.6 kwa saa, na kwenye onyesho la robo saa inakaribia sekunde nzima. Kwako ni sura ya tatu: kuchelewa kunakua kadiri kombora linavyokua, na vitu vinavyowaka tangu mdomoni mwa bomba havichelewi kabisa. Hapo hakuna la kubahatisha. Muda wa kombora kupanda angani haumo kwenye mpango wako.

Kombora la inchi tatu huchukua kama sekunde mbili na nusu hadi tatu kutoka bombani hadi linapopasuka, karibu mita 90 juu. La inchi sita huchukua sekunde nne au zaidi kidogo, na hupasuka karibu mita 180. Ili lipasuke kwenye pigo la ngoma, mtambo lazima uliwashe mapema kwa muda huohuo. Programu inajua kufanya hesabu hiyo, mradi uwe umeijazia. Nakisia orodha ya fataki uliiandika mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya muuzaji, na safu ya muda wa kupanda ukaiacha sifuri. Kama siyo hivyo, basi ulipotoa faili la mtambo ulipeleka saa ya kupasuka badala ya saa ya kuwasha. Kujua ni lipi ni kazi ya dakika moja. Fungua faili hilo kama jedwali, tafuta kombora la inchi sita ambalo kwenye skrini linapasuka dakika ya kwanza kamili. Faili lisome sekunde ya 56 au karibu na hapo. Likisoma 60, umeshamkamata mwizi.

Sasa huyo jamaa na sekunde zake tatu. Ushauri huu naukuta kila msimu, na wanaoutoa hawapo usiku wa onyesho. Ukichelewesha muziki sekunde tatu, inchi tatu zitakaa sawa, inchi sita zitabaki nyuma kwa sekunde moja na ushee, na keki zako ambazo leo hazina kosa zitawahi kwa sekunde tatu. Ni sawa na kurudisha nyuma saa ya ukutani ili basi lililochelewa lionekane limewahi. Utakuwa umetengeneza aina moja na kuharibu zilizobaki, na wiki ijayo utaniandikia kwamba keki zina matatizo.

Dawa ni kupima. Katika kila aina uliyonunua, rusha matatu, weka simu juu ya kitu kisichotikisika, rekodi video, kisha hesabu fremu kutoka mwako wa bombani hadi mpasuko. Simu inayorekodi fremu 30 kwa sekunde inakupa usahihi wa karibu sehemu moja ya thelathini ya sekunde, na zaidi ya hapo huhitaji. Chukua wastani, ujaze. Usitumie namba ya inchi tatu za kiwanda kimoja kwa inchi tatu za kiwanda kingine, kinachotofautiana ni utambi wa ndani, siyo rangi ya karatasi tu. Hata makombora ya boksi moja hupishana kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo mapigo makali ya ngoma yaachie kometi, na makombora makubwa yape sehemu ambazo muziki unapanuka. Kuhusu mlio, usihangaike: tishari likiwa mita 340 kutoka kwa wageni, mlio utawafikia sekunde nzima baada ya mwanga. Panga kwa mwanga.

Kuna wale pia wanaouza kwenye makundi ya WhatsApp “skripti kamili ya Dubai”, yaani faili la onyesho lililokwisha kupangwa. Usiku wa kuamkia 2014 Dubai walirusha fataki 479,651 kwa dakika sita, na maandalizi yake yalichukua miezi kumi. Skripti, hata ingekuwa ya kweli, imebeba muda wa kupanda wa makombora ya watu wengine, mabomba ya watu wengine na umbali wa watu wengine. Ukiimimina kwenye mtambo wako umenunua ajali ya mtu asiyekujua.

Lakini kilichonifanya nikujibu kwa urefu ni ile sentensi yako ya mwisho. “Programu haionyeshi kosa lolote.” Programu inakagua hesabu zake yenyewe: pini moja (tundu la kufungia waya wa fataki) isipewe saa mbili, moduli (kisanduku chenye pini hizo) isizidishiwe, kila tukio liwe na anwani. Ikikuambia hakuna kosa, inamaanisha ulichoandika hakijipingi. Haijui kama ulichoandika ni kweli. Uliijazia sifuri kwenye muda wa kupanda na ikakuchorea anga zuri kabisa bila kulalamika. Ndivyo itakavyofanya pia kwenye umbali, pembe ya bomba na upepo.

Tena, kilicho kwenye skrini siyo kilicho ndani ya mtambo. Tarehe 4 Julai 2012, San Diego, Marekani, onyesho lililopangwa kwenda dakika 17 au zaidi liliruka lote kwa takribani sekunde 15, matishari yote kwa mpigo. Hakuna aliyeumia, kwa bahati na kwa sababu umbali ulikuwa umeheshimiwa. Maelezo yaliyotolewa na waandaaji ni kwamba faili kuu na faili la akiba viliunganishwa, kikazaliwa kitu kibovu kilichotuma amri zisizotakiwa. Wale walikuwa watu wa kazi, wenye vifaa vya kazi. Kwa hiyo ukishapakia faili, endesha onyesho lote kutoka mwanzo hadi mwisho kwenye mtambo wenyewe, viberiti vya umeme vinavyowasha fataki vikiwa havijafungwa, taa za majaribio zikiwa mahali pake, na mtu mmoja akifuatisha orodha iliyochapishwa. Ukibadilisha hata kombora moja baada ya hapo, rudia yote. Najua mtakuwa mmechoka. Rudieni.

Umbali: kipimo kinachotumika sana, cha Marekani, kiitwacho NFPA 1123, kinataka futi 70 kwa kila inchi ya kombora. Inchi tatu ni mita 64, inchi sita ni mita 128, na hiyo ni kwa bomba lililosimama wima. Bomba likiinamishwa, hesabu inabadilika. Kuna watu hupunguza umbali kwa sababu skrini iliwaonyesha cheche zikizimika juu. Cheche za kwenye skrini huzimika pale mchoraji alipoamua zizimike.

Na upepo. Programu nyingi huanza na anga tulivu mpaka wewe uweke upepo, na karibu hakuna anayeuweka. Mwaka Mpya Unguja ni msimu wa kaskazi. Wewe uko Kiwengwa, pwani ya mashariki, tishari liko baharini, kaskazi inatoka baharini kuja nchi kavu. Yaani majivu, vipande vya karatasi na chochote ambacho hakijazimika vinakuja moja kwa moja kwa wageni, na nyuma ya wageni kuna makuti. Sijui kama unaona ninachokiona. Ondoa kwenye orodha yako makombora yale ambayo nyota zake (vipande vinavyowaka baada ya mpasuko) huning'inia zikiwaka hadi karibu na maji, hata kama ndiyo yanayopendeza kuliko yote. Makuti yalowanishwe jioni, siyo saa tano usiku. Watu wenye mipira ya maji wakae upande wa paa, siyo upande wa kutazama fataki. Awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho upepo ukizidi, na mtu huyo asiwe mwenye hoteli, kwa sababu mwenye hoteli ameshalipa.

Tishari nalo. Upande huo maji yakipwa yanakimbia mbali sana, na chombo kilichofungwa jioni kikiwa kinaelea kinaweza kukaa mwambani usiku wa manane, kikainama na mabomba yote yakainama nacho. Chukua jedwali la maji kupwa na kujaa la usiku huo, amua kwanza tishari lifungwe wapi, pima umbali kutoka hapo hadi kwa mgeni wa mbele kabisa, halafu ndipo ufungue kompyuta ujaze muda wa kupanda. Ikibainika kwamba umbali wa inchi sita haupatikani, zifute kwenye orodha, na huyo jamaa mrudishie mzigo wake.