Maswali na majibu: Mreno gani alijenga Ngomeni, na kanda za bibi zitupwe?

Maswali ya safari hii yamenijia kwa njia mbalimbali: mengine kwa simu, mawili kwa karatasi, na moja niliulizwa nikingoja feri upande wa Likoni. Nayajibu yote hapa.

Maalim, mwanangu yuko gredi ya saba. Kitabu chake kinasema Ngomeni, yaani Fort Jesus ya hapa Mombasa, ilijengwa na Wareno. Akaniuliza, "Mreno gani?" Nikakwama. (Mzazi, Kibokoni)

Mwanao amekizidi kitabu. Aliyeichora ngome ile hata hakuwa Mreno. Alikuwa Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, ambaye Wareno walimwita João Batista Cairato. Zama hizo Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania alikuwa ameitia na Ureno mkononi mwake, na Cairati ndiye aliyekuwa msanifu wake mkuu upande huu wa Bahari ya Hindi, makao yake Goa. Ujenzi ulianza 1593, ukakamilika 1596. Mwaka huohuo Cairati akafia Goa.

Mpeleke mtoto Ngomeni umwonyeshe ramani yake ilivyo. Ukiitazama kutoka juu, ni kama mtu aliyelala chali, mikono na miguu kaitanua, kichwa kaelekeza baharini. Wasanifu wa Italia wa wakati ule waliamini kuwa vipimo bora vya jengo vinatoka katika mwili wa binadamu, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya UNESCO iiweke ngome yetu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Umbo lile lina kazi ya vita pia. Zile pembe nne zinazojitokeza zimewekwa hivyo ili mlinzi wa pembe moja aone, na apige, mguu wa ukuta wa mwenzake. Adui akifika ukutani hana pa kujibanza. Hata hivyo, Waarabu wa Omani waliizingira kwa karibu miaka mitatu, wakaitwaa mwaka 1698. Baadaye sana Waingereza wakaigeuza gereza, tangu 1895 hadi 1958.

Mwambie mtoto na hili: jina la Cairati tunalo kwa kuwa aliandikiwa mshahara na barua zake zikawekwa. Waliokata matumbawe na kuyabeba juani majina yao hayakuandikwa popote. Mimi kila nikipita pale naukumbuka mkono uliochonga jiwe, na inaniuma kwamba siwezi kuutaja.

Eti wimbo wa taifa umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto? Jamaa zangu wananicheka nikisema hivyo. (Kijana, foleni ya feri)

Wasikucheke, ni kweli. Lahani ile ni ya akina mama wa Tana River. Aliyeitoa kwa ajili ya kazi hiyo ni Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo. Mwaka 1963 iliundwa tume ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, huyu wa mwisho akiwa mwana wa Pwani hii yetu. Wao ndio waliotia maneno na kuupanga kwa sauti mbalimbali, ukawa tayari kwa sherehe za uhuru za tarehe 12 Desemba.

Usikilize siku moja bila bendi, mtu mmoja tu akiuimba polepole. Utamsikia mama na mtoto ndani yake. Nyimbo nyingi za mataifa zina mwendo wa askari. Wetu una mwendo wa mbeleko, na mimi naona fahari kubwa kwa hilo.

Kiziwi anatungaje muziki? Nimesoma habari za Beethoven sikuamini. (Msomaji, Tudor)

Amini. Alianza kupoteza usikivu hajafika miaka 30, na mwaka 1802 alikuwa amekata tamaa kiasi cha kuwaandikia ndugu zake barua kama ya wosia. Lakini hakuzaliwa kiziwi, na kwa mtu aliyelelewa na muziki, noti kwenye karatasi husikika kichwani kama wewe unavyoyasikia maneno haya bila kuyasoma kwa sauti. Simfoni yake ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 Mei 1824, watu walipiga makofi naye amewapa mgongo. Mwimbaji mmoja, Caroline Unger, ndiye aliyemgeuza ayaone makofi asiyoyasikia.

Van Gogh aliuza picha moja tu maishani, kweli? Na kama hakujulikana, nani aliyemfanya ajulikane? Mimi huchora, na nyumbani wanasema napoteza wakati. (Dada wa Bamburi)

Hiyo ya "moja tu" husemwa sana, lakini si sawasawa. Ami yake aliwahi kumwagizia na kumlipa michoro ya mji wa The Hague mwaka 1882. Picha ya rangi ambayo mauzo yake yanajulikana wazi ni ile ya shamba jekundu la mizabibu, iliyonunuliwa Brussels mwaka 1890 kwa faranga 400. Mnunuzi, Anna Boch, naye alikuwa mchoraji. Miezi michache baadaye Vincent van Gogh akafariki, miaka 37, baada ya miaka kumi hivi tu ya kuchora.

Swali lako la pili, dada yangu, ndilo lenye utamu. Kakake? Hapana. Mdogo wake Theo, aliyemlisha na kumnunulia rangi miaka yote, alimfuata baada ya miezi sita. Aliyebaki ni Jo, mke wa Theo: mjane wa miaka 28, mtoto mchanga mkononi, na nyumba Paris iliyojaa picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka. Alirudi kwao Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate riziki, picha akazitundika ukutani. Usiku akazisoma barua za Vincent kwa Theo. Akaandaa maonyesho, akawafuata wakosoaji, akauza chache kwa mahesabu na nyingine akazizuia. Mwaka 1905 alikodi kumbi za Stedelijk Museum mjini Amsterdam akaonyesha kazi zaidi ya 400. Mwaka 1914 akazichapisha zile barua. Mwaka 1924, karibu na mwisho wa uhai wake, akakubali kuiuzia London picha moja ya alizeti.

Kwa hiyo chora. Tena nyuma ya kila picha andika jina lako, tarehe na mahali. Na mtafute nyumbani mtu mmoja, mmoja tu, anayependa kazi yako, umwonyeshe unapoziweka.

Baba ni mchongaji wa vinyago Changamwe. Watalii huambiwa ni kazi ya Wakamba ya "tangu zama za mababu". Ni ya tangu lini hasa? (Mwana wa mchongaji)

Kuchonga ni kwa zamani kweli: vigoda, miiko, vibuyu. Lakini sanamu za kuuza, zile za twiga, simba na watu, zina mwanzo unaojulikana. Zinahusishwa na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, huko Ukambani, aliyepelekwa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa kule, akarudi na ujuzi akawafunza jamaa zake. Ushirika wa wachongaji wa hapo Changamwe ulianza 1963. Mpingo na muhugu vilitumika hadi vikaadimika, ndiyo maana siku hizi utakuta mwembe, mwarobaini na jakaranda.

Kitu cha miaka mia moja hivi hakipungui heshima kwa kukosa kuwa cha miaka elfu. Mwombe babako atie jina lake chini ya kila kinyago, hata kwa ncha ya msumari.

Nasomea ujenzi, mwaka wa pili. Kila msanifu tunayefundishwa ni wa Ulaya au Marekani. Hakuna Mwafrika? (Mwanafunzi, Tononoka)

Wako, mwanangu, na mmoja alianza akiwa mwanafunzi kama wewe. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso kisichokuwa na shule, kwa hiyo akiwa na miaka saba ilibidi aondoke nyumbani akasome mjini. Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kusomea useremala, baadaye akaingia chuo Berlin kusomea usanifu. Kabla hajahitimu alichangisha pesa akarudi kujenga shule ya Gando, iliyokamilika 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu hakuna kubwa kupita hiyo.

Soma ile shule ilivyofanya kazi. Kuta ni matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yaliyofyatuliwa na wanakijiji wenyewe. Dari ni ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limenyanyuliwa juu yake kwa nondo. Hewa ya moto inapanda na kutoka, ya baridi inaingia madirishani. Hakuna mashine hata moja.

Sasa toka uende Mji wa Kale saa saba mchana. Kuta nene za matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyopeana kivuli, roshani za mbao zinazochuja jua. Kisha upande matatu uende ukasimame mbele ya majengo mapya ya vioo, yanayokoroma kwa viyoyozi kutwa. Mimi nina upande wangu katika jambo hili wala sifichi: tunajenga majoko, na ujuzi wa kuyaepuka uko umbali wa nauli ndogo tu. Kapime unene wa kuta zile, uziingize katika kazi yako ya chuo.

Bibi yangu ana sanduku la kanda za taarabu chini ya kitanda. Nyumba ni ndogo, wajomba wanasema zitupwe, nyimbo zote ziko kwenye simu. Nifanyeje? (Mjukuu, Majengo)

Usitupe! Tafadhali.

Nyimbo zote haziko kwenye simu. Ziko zilizopata bahati. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, tunaisikia sauti yake kwa sababu mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Waliomtangulia wamebaki majina, tena wachache. Mashairi ya Muyaka wetu, aliyefariki 1840, yangepotea kama Mwalimu Sikujua asingezunguka akiyakusanya vinywani mwa wazee. Hapa Mombasa santuri za Mzuri zilitoa nyingi, baadaye Mbwana Radio wakawa wanauza kanda. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili, mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir, kwa lahani za filamu za Kihindi. Zein wa Lamu na udi, ala yake ya nyuzi. Matano Juma na kinanda. Zuhura Swaleh na chakacha. Hao utawapata simuni, si kazi zao zote. Lakini mwimbaji yuleyule akiwa harusini, usiku wa manane, anajibizana na watu na kuongeza beti papo hapo? Hiyo huenda iko kwenye kanda moja tu duniani, nayo iko chini ya kitanda cha bibi.

Mimi nilipoteza za mama. Zilikuwa kumi na nne, za harusi za Kuze na Makadara. Nilimwazima mtu aliyesema atazinakili, hazikurudi. Basi wewe usiazime.

Zitoe sandukuni uziweke wima, mahali pakavu, mbali na spika. Vunja vile vijiplastiki viwili vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake. Ukiona unga mweupe kando ya utepe, huo ni ukungu. Usiicheze, itenge na nyingine umpelekee fundi. Zilizo safi, unganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, uhifadhi faili isiyobanwa (kwa mfano WAV), nakala mbili, nyumba mbili.

Na kabla ya hayo yote kaa na bibi, weka kanda ya kwanza, umwulize harusi ilikuwa ya nani, na ni nani anayepiga fidla pale mwanzo. Akilitaja jina, liandike kabla ya kugeuza upande wa pili.